Bitana ya Mguu wa Kushoto

"Atakulia humo," alisema Baba Tulizo, na kila aliyekuwa ndani ya karakana akajua kuwa siku imeanza rasmi.

Haikupita siku pale bila mzazi mmoja kuyatamka maneno hayo. Twilumba Mligo alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya binti wa yule baba. Mtoto amevaa kiatu cha barafu, chenye chuma cha kutelezea chini yake, kamba zimekazwa hadi juu, na bado kati ya kisigino na ukuta wa nyuma Twilumba aliweza kupitisha kidole bila kubisha hodi. Akamwonyesha baba mtu kidole chenyewe kikiingia na kutoka. Baba akakitazama kwa furaha, kama mkulima anayeonyeshwa ghala lenye nafasi.

"Hiyo nafasi ndiyo ninayoitaka," akasema. "Mwakani itakuwa imeshajaa mguu."

Twilumba akamweleza, kwa upole ule ule aliokwisha kuwaelezea nusu ya Njombe, kwamba sketi ya shule ikipwaya mtoto huikunja kiunoni na maisha yakaendelea, lakini kiatu cha barafu kikipwaya mguu huogelea ndani yake. Kifundo hulala upande, chuma hukosa kushika, na mtoto huishia kuteleza kwa kifundo badala ya kuteleza kwa chuma. Akaleta jozi ndogo. Akamsimamisha Tulizo wima ili vidole vipapase ncha ya mbele, vipapase tu, visikunjike. Kisha akamwambia akunje magoti kama anayetaka kukalia kigoda, na vidole vikarudi nyuma, kisigino kikaingia kwenye kiota chake na kutulia.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya joko. Viatu viliingia humo hadi gamba lake likalainika kama ndizi iliyopigwa na jua. Tulizo akavishwa vikiwa bado na moto wake, kamba zikafungwa kuanzia vidoleni kwenda juu, na akaamriwa akae kama picha hadi vipoe na kushika umbo la mguu wake. Baba mtu aliyafuatilia yote hayo mikono ikiwa nyuma. Mwisho wake akauliza kama hiyo ndogo haiwezi nayo kuwa kubwa kidogo.

Bi Edina Msigwa, mwenye karakana, alicheka hadi akaweka chini jiwe la kunolea. "Mama Lusungu, mpimie na baba huyu," akamwambia Twilumba. "Nadhani yeye ndiye anayetaka kukua."

*

Karakana yao ilikuwa imebanwa ubavuni mwa ghala la baridi la parachichi. Zamani, baridi iliyozidi pale ghalani ilikuwa ikitupwa hewani kama moshi, mpaka vijana wa ushirika walipoielekeza chini ya uwanja wa zege, wakamwaga maji juu yake na kusubiri. Asubuhi yake uwanja ulikuwa unang'aa. Watu wakauita Kioo, na jina likaganda kama maji yenyewe. Siku hizi hakuna kata isiyo na timu ya hoki, na wasichana ambao bibi zao waliilaani baridi ya Juni wanailalamikia Oktoba kwa joto lake.

Viatu na vikinga vilikuja kwa belo, kama mitumba mingine yote, kutoka nchi ambako theluji huanguka yenyewe. Kila kifaa kilikuwa na bitana hai, utando mwororo wa rangi ya ini ulioshonewa ndani: kwenye kiatu, kwenye kikinga-ugoko, kwenye mabega, hata ndani ya helmeti. Bitana haijui furaha wala kidonda. Inachojua ni kurudia. Ikikaa na mtoto msimu mzima, hujifunza anapoegemea, anapoogopa, ni msuli upi unaotangulia mwingine, hadi inafika mahali inajikaza kabla mguu haujakaza, inasukuma kabla mguu haujasukuma. Mtoto hukua, kiatu hubaki, na kiatu hakijui kwamba mwenyewe ameondoka.

Ndiyo maana belo lilipofunguliwa, kazi ya kwanza ilikuwa beseni. Maji ya vuguvugu, chumvi, mkondo mdogo wa umeme, na bitana husahau kila kitu na kutoka changa kama ilivyozaliwa kiwandani. Juu ya beseni hilo Bi Edina alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu maneno ya bibi yake: *Mtumba haupandi mwilini kabla haujaonja maji.* Bibi alikuwa akisema habari za blauzi na chawa. Bi Edina aliona kuwa maneno mazuri hayachagui nguo.

Twilumba alikuwa ameiheshimu sheria hiyo kwa kila jozi iliyopita mikononi mwake. Isipokuwa moja.

Bintiye Lusungu, mwenye miaka kumi na mmoja, aliipenda Kioo kuliko sukari, na hakukuwa na mchezaji mbaya kumshinda. Kocha Sanga, mtu mwenye moyo mzuri, alikuwa amemtafutia kazi ya kubeba chupa za maji ili asikose kabisa kuwa wa timu. Lusungu alizibeba akiimba. Ule uimbaji ndio uliomchoma mama yake. Angelia, ingekuwa nafuu.

Kisha kwenye belo moja ikatoka jozi nyeusi yenye mshono wa njano, na ndani ya ulimi wa kiatu cha kushoto mtu alikuwa amechora samaki mdogo kwa kalamu. Twilumba akaingiza mkono kama alivyofanya kwa kila kiatu, na bitana ikaupokea. Mkono wake ukataka kukimbia. Alisikia msukumo ukianzia kisiginoni, ukapita kwenye unyayo na kutokea kwenye kidole gumba, msafi, wenye raha, kama mtu anayesoma kwa sauti kitabu anachokijua kwa moyo. Katika miaka yake yote ya kazi, na katika masomo yote ya jioni ya ufundi wa bitana aliyoyahudhuria akiwa na mimba ya mtoto huyo huyo, hakuwahi kukutana na bitana iliyosoma hivyo.

Jozi ilikuwa kubwa kwa Lusungu. Lakini bitana ilipomshika mguu ilijifumba pande zote, ikamkumbatia kisigino, kidole cha mama kikakosa pa kupita. Mwakani itamtosha hata bila msaada huo, Twilumba akawaza. Atakulia humo. Aliwaza hivyo na wala hakujisikia akiwaza.

Viatu vikaenda nyumbani chini ya mafungu ya mchicha, bila kuonja maji.

*

Siku ya kwanza Lusungu alipoingia navyo Kioo, Kocha Sanga alisahau filimbi mdomoni. Msichana wa chupa za maji alikata uwanja kama mkasi unavyokata kitenge. Wenzake walimzunguka, wakampapasa vikinga, wakamtania kwamba amekula swala au amekula umeme, na kabla ya wiki kwisha akawa na jina jipya, Mshale, na nafasi mstari wa mbele kwenye mechi iliyokuwa ikija dhidi ya Makete. Kocha Sanga mwenyewe kwao ni Makete. Hakuna aliyetamani Makete ifungwe kama yeye.

Twilumba alikaa ukingoni na mtandio wake. Alijua anachokitazama. Lakini mtoto alikuwa akicheka kule katikati, na kicheko kile hakikuwa cha mtumba.

Ilikuwa Jumapili moja baada ya ibada alipoona. Lusungu alitoka jikoni na sufuria ya viazi vilivyomenywa, akashuka ngazi za mlangoni akiwa peku. Mguu wa kulia ulishuka kama mguu. Wa kushoto uligusa chini kwa ukingo wa nje, ukaruka kidogo na kuondoka haraka, kama uliokanyaga kaa la moto.

Twilumba akamwita, akamkalisha, akakishika kifundo. Akakiminya, akakizungusha huku na huku. Hakikuwa kimevimba, wala Lusungu hakukunja uso.

"Mbona unachechemea?"

"Sichechemei, Mama. Mguu huu ndivyo unavyokwenda."

"Tangu lini?"

Lusungu akafikiri, akainua mabega, akauliza kama viazi vikatwe vikubwa au vidogo.

Twilumba akavitungua viatu kwenye msumari. Cha kulia kikaupokea mkono wake kwa raha ile ile. Cha kushoto, siku ile ya belo, alikuwa amekiingizia mkono kwa sekunde tu, kwa haraka ya mtu aliyekwisha kupenda. Safari hii hakuutoa. Akakunja kifundo cha mkono, kama mguu unavyokunjika ukigeukia kushoto. Bitana ikajikunyata. Upande wa ndani wa kifundo, mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba, ikaukwepa mkono wake. Akarudia, nayo ikakwepa tena, palepale.

Akaelewa yote kwa mara moja, akakaa kwenye ngazi. Mtoto wa watu, huko kwao kwenye theluji, aliumia hapo. Akaficha, pengine kwa kuogopa kutolewa kwenye timu, akaendelea kucheza. Kiatu kikajifunza kumkwepesha maumivu, hatua kwa hatua, kwa uaminifu wote. Sasa kilikuwa kinamfundisha Lusungu kulinda kidonda asichokuwa nacho, na Lusungu, mwanafunzi mzuri kuliko alivyowahi kuwa maishani, alikuwa analishika somo.

*

Kocha Sanga alimsikiliza Twilumba hadi mwisho, na hilo lilimfanya awe mgumu zaidi kupingana naye. Alisema watoto wote hurithi. Nani alijifunza kutembea bila kushikwa mkono, nani aliongea kabla ya kusikia wenzake wakiongea? Kuchechemea kidogo kutaondoka baada ya mechi. Bitana ioshwe Jumatatu, yeye mwenyewe atabeba maji ya beseni. Mechi moja tu. Twilumba alimjibu kwamba mguu unaokua hauna likizo, na kila siku ya zoezi ni siku ya kuzoea kilema. Kocha akaitazama Kioo, ambako Lusungu alikuwa akizunguka kwa kasi, kila kona ya kushoto na kale karuko kake kadogo, kazuri kama hujui ni nini.

"Kwa hiyo unamrudisha kwenye chupa za maji," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Lakini Twilumba aliondoka pale maneno yakimwendea mbele.

Angeweza kuviosha kimyakimya. Mtoto angeingia uwanjani, angeanguka, angedhani uchawi umemwisha, na mama angemfuta machozi bila kuulizwa lolote. Njia hiyo aliipima kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, na kila alipoipima ilimbana mahali fulani. Kuweka kumbukumbu ya mtu kwenye miguu ya mtoto bila kumwambia alikuwa ameshafanya. Kuiondoa bila kumwambia kungekuwa mara ya pili.

Akamchukua Lusungu baada ya shule, wakaenda karakana, wakakaa kwenye benchi mbele ya beseni. Bi Edina alikuwa ananoa chuma upande wa pili, jiwe likilia. Twilumba akasema yote, samaki na mshono wa njano, mchicha na kidonda cha watu, na akasema kwa sauti ya kutosha. Jiwe likanyamaza.

Lusungu hakulia. Aliviweka viatu mapajani.

"Kwa hiyo mimi sijui kuteleza."

"Unajua kidogo kuliko ulivyodhani."

"Mama. Ninajua kuanguka tu."

"Basi tutaanzia hapo."

Mtoto akafunua ulimi wa kiatu, akapitisha kidole juu ya samaki. "Huwa namsikia," akasema. "Nikitaka kuogopa, yeye anakuwa hajaogopa. Ukiosha, atakwenda wapi?"

Twilumba akachovya kidole kwenye beseni kupima joto la maji. "Haendi popote," akasema. "Yuko kwao. Amekua, labda ana viatu vikubwa kama vya baba yako. Aliondoka na miguu yake. Humu yamebaki mazoea yake tu."

"Na maumivu yake."

"Na maumivu yake."

"Kwa hiyo nilikuwa naumwa kwa niaba yake, na yeye hata hajui." Lusungu akalipima jambo hilo, na kwa namna fulani likamfurahisha kidogo. Kisha akaomba kitu kimoja. Azunguke navyo mara ya mwisho.

Wakamfungulia Kioo. Alizunguka polepole, bila fimbo, bila kufukuza chochote, na alipofika kona ya kushoto alikaacha kale karuko kafanyike, kama mtu anayemwacha mgeni amalizie sentensi yake. Aliporudi ukingoni alisema kitu kwa sauti ndogo akiwa ameinamia kamba. Mama yake alisikia neno "dada" na haikuwa haki yake kusikia zaidi.

Lusungu alivitia kwenye beseni mwenyewe. Rangi ya ini ilififia ndani ya maji ya chumvi, ikawa ya waridi, ikawa kama ngozi ya ndani ya mdomo wa mtoto mchanga. Twilumba akavikausha, akamvisha, akafunga kamba toka chini hadi juu, akakaza kwa nguvu zake zote. Akapitisha kidole nyuma ya kisigino. Kikaingia. Akaingiza na cha pili.

Kumbukumbu ya yule mtoto ndiyo iliyokuwa imeshika mguu muda wote huo. Bila hiyo, kiatu kilikuwa chombo na mguu wa Lusungu kijiko ndani yake.

"Atakulia humo, Mama Lusungu," akasema Bi Edina kutoka kwenye jiwe lake.

Twilumba akafunika uso kwa viganja. Alipovitoa, Bi Edina alikuwa amesimama mbele yake na jozi nyingine mkononi, ya kahawia, iliyochubuka ncha, mbaya ya sura kama kiazi kilichosahauliwa shambani. Ilikuwa imekaa rafuni muda mrefu bila mtu wa kuitaka. Imeshaonja maji, akasema, na neno lingine la lawama hakuliongeza, si siku ile wala baadaye, ingawa kidole chake kiliugusa mara moja ule mwandiko mwekundu ukutani wakati akipita.

Wakaanza upya, kama kwa mteja. Vidole vikapapasa ncha. Magoti yakakunjwa, vidole vikarudi. Kidole cha mama kikagonga nyuma ya kisigino na kukataliwa. Joko likawashwa. Lusungu akakaa kama picha wakati gamba likimpoa miguuni, na kwa kuwa alikatazwa kusogea, aliongea. Alitaka mshono wa njano, basi Twilumba akautia juu ya kifundo. Vikinga-ugoko vilimfunika goti, vikakatwa chini na kutiwa pedi. Helmeti ikatikiswa, paji la uso likatikisika nayo, vema. Mwisho akaomba kalamu.

"Samaki?" akauliza Bi Edina.

"Samaki ni wake," Lusungu akasema, akachora kiazi.

*

Makete walikuja na ngoma, na walishinda. Hilo lisemwe mapema lisimuume mtu njiani. Kocha Sanga aliumia kama mtu aliyefungwa na ndugu zake, maana ndivyo ilivyokuwa.

Lusungu alianza pembeni. Alibeba chupa za maji, na safari hii hakuimba. Alikuwa anatazama miguu ya wenzake. Kipindi cha mwisho, winga mmoja alipochoka, Kocha alitupa macho kwenye benchi, yakampita, yakarudi. Labda alikumbuka alichokisema. Labda hakuwa na mwingine. Akamwita Mshale, akajisahihisha, akamwita kwa jina lake.

Alianguka kabla ya kufika katikati. Mabega yakapokea kishindo, helmeti ikagonga barafu, na Twilumba akajikuta amesimama bila kukumbuka kusimama. Lusungu akainuka. Akaanguka tena, safari hii kwa kiwiko, mbele ya jukwaa la Makete, nao wakampigia ngoma ya pole yenye dhihaka ndani yake. Akainuka, akaipungia ngoma mkono.

Kisahani, kile cha mpira mgumu wanachokigombania kwa fimbo, kikachomoka upande wa kushoto. Alikuwa karibu. Akaegemea, uzito wote ukaja juu ya mguu wa kushoto, upande wa ndani, palepale. Hakukuwa na karuko. Chuma kikaingia na kukata kona nzima kwa sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa, na mtoto akatokea upande wa pili amesimama juu ya miguu miwili, yote yake. Alikifikia kisahani wa kwanza. Akakaa nacho muda wa kushangaa tu, kisha msichana wa Makete akamnyang'anya, na Lusungu akacheka kwa sauti iliyofika ukingoni.

Baadaye, chumba cha kuvalia kikiwa na harufu ya soksi mbichi na chungwa, Twilumba alipiga magoti kama siku zote na kufungua kamba. Akavua cha kushoto kikiwa bado na joto, na kwa mazoea ya kazi akaingiza mkono. Bitana ilikuwa changa bado, haijui kona wala kasi. Iliukaa mkono wake bila maoni. Alikuwa anautoa alipohisi kitu, chini kabisa karibu na kisigino: msukumo mdogo, wenye kusitasita, ukielekea juu.

"Imejua nini?" Lusungu akauliza.

"Kuinuka," mama yake akasema. "Mpaka sasa imejua hilo tu."

Lusungu akakichukua kiatu, akaingiza mkono wake mwenyewe, akatulia akisikiliza kwa kiganja.

"Huyu ni mimi," akasema.